Oili chafu ya gari lako isiishie kisimani kwa jirani

Nina gari dogo, kuukuu kidogo, na tangu nilinunue nimekuwa nikibadilisha oili mwenyewe uani kwangu Kisauni. Si kazi ngumu. Ukiwa na jeki, spana na karai, unaokoa pesa za fundi, na pesa siku hizi si za kuchezea. Naingiza oili mpya lita 4, na ile nyeusi iliyotoka nilikuwa naibeba kwa karai hadi nyuma ya nyumba, kwenye kijishimo chini ya mwarobaini. Namwaga, nafukia kwa mchanga, nanawa mikono kwa sabuni ya unga. Baada ya nusu saa mchanga umeinywa yote.

Nilifanya hivyo mara mbili kwa mwaka, kwa miaka 6.

Mwaka jana, baada ya mvua za masika, Bi mkubwa jirani yangu alibisha hodi. Ana kisima, na huuza maji kwa mitungi ya lita 20. Ndiyo riziki yake tangu mumewe afariki. “Mwanangu,” akaniambia, “maji yangu yananuka gereji.” Hakuwa na neno jingine la kuielezea ile harufu. Nilikwenda naye nikachungulia. Juu ya ndoo palikuwa na utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua. Wateja walishaanza kumkimbia.

Siwezi kuapa kwamba oili ile ilikuwa yangu. Mtaani kwetu kuna gereji ya tuktuk, na vijana wa boda hubadilisha oili kando ya barabara. Lakini kutoka shimo langu hadi kisima chake ni hatua zisizozidi 30, na ardhi inateremka kuelekea kwake. Nilikaa siku mbili kabla ya kwenda kumwambia. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza neno moja tu: “Sasa itatoka?”

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, na haya ndiyo niliyojifunza. Nayaandika kwa sababu najua si mimi peke yangu mwenye kijishimo nyuma ya nyumba.

Ardhi yetu haizuii kitu

Sehemu kubwa ya mwambao wetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, na juu yake mchanga. Mchanga hupitisha maji upesi, na matumbawe yana matundu na nyufa tele. Ndiyo maana visima vyetu havichimbwi kina kirefu sana kabla ya kupata maji. Lakini njia ile ile inayoyafikisha maji ya mvua kisimani ndiyo inayoifikisha oili. Ule mchanga niliodhani umeinywa oili yangu uliikawiza tu, mpaka masika ilipokuja kuisukuma chini.

Oili haiozi upesi kama maganda ya muhogo. Hushikamana na chembe za udongo, ikaachia kidogo kidogo kila mvua inaponyesha. Kwa hiyo jibu la swali la Bi mkubwa ni gumu: huweza kupungua kwa muda, lakini huwezi kuivuta nje kwa kamba na ndoo. Wataalamu wa mazingira wana kipimo wanachopenda kukitaja, kwamba lita moja ya oili chafu yaweza kuharibu hadi lita milioni moja za maji. Mimi nilimwaga lita 48. Piga hesabu mwenyewe.

Na ukimwaga kwenye mtaro? Mitaro yetu ya maji ya mvua haiendi kwenye mtambo wowote wa kusafisha. Inaishia Tudor, Mtwapa, Kilindini, baharini moja kwa moja. Mikoko hupumua kwa ile mizizi inayochomoza juu ya tope, na oili ikiipaka mizizi hiyo mti hukosa pumzi. Tuliliona hilo mwaka 2005, mafuta ya meli yalipomwagika bandarini Kilindini na mikoko ya upande wa Port Reitz ikafa. Ile ilikuwa ajali ya siku moja, na magazeti yaliiandika. Ya kwetu ni ya kila siku, na haiandikwi na mtu.

“Si inarudi ardhini ilikotoka?”

Hoja hii niliitoa mimi mwenyewe kwa fundi mmoja, nikidhani nimempata. Alicheka. Mafuta ghafi yalikuwa chini sana, yamefungiwa na miamba, mbali na maji tunayokunywa. Tena kilichotoka kwenye gari si kile kilichotoka ardhini. Kiwandani oili huongezewa kemikali za kuisaidia kulinda injini, zikiwamo zenye madini ya zinki. Ikishaingia kwenye injini, inazunguka kwenye moto kwa maelfu ya kilomita, ikikusanya masizi, mabaki ya petroli na chembe za chuma zinazosagika. Ndiyo maana inaingia na rangi ya asali na kutoka nyeusi.

Zamani ilikuwa na risasi nyingi pia, kwa sababu petroli yenyewe ilitiwa risasi. Kenya iliachana na petroli hiyo kufikia mwaka 2006, kwa hivyo kiasi kimepungua, lakini madini mengine yapo. Sisi watu wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa madhara ya madini mazito. Kesi ya Owino Uhuru, ambako watu waliathiriwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, iliamuliwa mwaka 2020 na wakazi wakatunukiwa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Oili ya gari lako si kiwanda cha betri. Lakini somo ni lile lile: sumu iingiayo ardhini haitoki kwa sababu tumeifukia.

Namna ya kuibadilisha bila kumdhuru mtu

Sikuacha kubadilisha oili nyumbani. Nimebadilisha namna ninavyofanya.

Kwanza natandika turubai au maboksi chini ya gari, mahali palipo sawa. Nawasha injini dakika chache ili oili ipate joto na iteremke vizuri, kisha nazima na kusubiri ipoe kidogo isije ikaniunguza. Karai liwe kubwa kuliko oili unayotarajia. Gari dogo hutoa kati ya lita 3 na 4, pikipiki karibu lita moja. Na vaa glavu. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba panya waliopakwa oili chafu mara kwa mara walipata saratani ya ngozi, na mafundi wetu wengi huogea oili hiyo kutwa.

Filta usiitupe ikiwa imejaa. Iinamishe juu ya karai, uiache ijichuje usiku kucha. Utashangaa kuona kilichobaki ndani. Ikishakauka, iende na vyuma chakavu badala ya kwenda jaani.

Oili sasa iweke kwenye mtungi ule ule ulionunulia oili mpya, na funga kifuniko barabara. Usitumie chupa ya soda wala ya maji. Nyumba yenye watoto na chupa ya maji yenye kitu cheusi ndani ni msiba unaosubiri siku yake. Wala usitumie mtungi ambao kesho utarudi kuchotea maji, kwani harufu haitoki hata uusugue vipi. Andika juu yake “OILI CHAFU” na uuweke mbali na jua na jiko.

Kisha usichanganye. Usitie humo petroli, mafuta ya taa, rangi, maji wala mafuta ya breki. Oili chafu iliyo peke yake ina kazi. Huweza kuchujwa na kusafishwa kiwandani ikawa oili tena, au ikachomwa katika matanuri makubwa kama yale ya saruji, yenye moto mkali unaoweza kuiteketeza. Ikichanganywa, hakuna anayeitaka.

Ikimwagika chini, usiikimbilie kwa maji na sabuni. Sabuni huitawanya tu na kuipeleka mbali zaidi. Mwagia mchanga mkavu au vumbi la mbao, acha linyonye, zoa lote na ulifunge kwenye mfuko wake. Nalo lipeleke pamoja na oili.

Mazoea ya kuachana nayo

Najua nitasikia: “Mbona sisi tunaitumia?” Ni kweli, kwetu oili chafu ina kazi chungu nzima. Inapakwa nguzo kuzuia mchwa, inamwagwa barabarani kutuliza vumbi, inatiwa chooni kuua mbu, inapakwa mbwa mwenye upele. Nimeona hata wanaopaka vyombo vya bahari, ilhali wazee wetu walitumia sifa, mafuta ya papa, na mashua zikadumu miaka.

Nguzo ikinyeshewa, oili hushuka mchangani. Barabara ikinyeshewa, oili huenda mtaroni. Choo cha shimo na kisima, katika viwanja vyetu vya futi hamsini kwa mia, ni majirani wa karibu. Na mbwa hujilamba. Kuiwasha kama kuni ndiyo mbaya kabisa, kwani moto wa jiko hauna nguvu ya kuiteketeza, na yale madini hupanda na moshi hadi kifuani mwako.

Uipeleke wapi?

Hapa ndipo penye uzito, na sitasema ni rahisi. Njia iliyonifaa mimi ni gereji kubwa. Nyingi zina pipa la oili chafu, na wapo watu wanaokuja kuinunua. Niliuliza kwa adabu kama naweza kuongezea mtungi wangu, nikakubaliwa bila malipo. Gereji ya kwanza ilikataa, ya pili ikakubali. Lakini uliza swali moja zaidi: pipa likijaa, nani hulichukua? Kanuni za taka zinamtaka anayesafirisha taka awe na leseni ya NEMA. Mwenye gereji asiyejua pipa lake linakokwenda, huenda linakwenda mtaroni usiku. Ukikwama, NEMA ina ofisi katika kila kaunti, nenda uulize walio na leseni eneo lako.

Nyinyi wa boda, hili ni jepesi zaidi kwenu kwa sababu mna steji. Steji ya pikipiki 20, kila moja ikitoa lita moja kwa mwezi, ni lita 240 kwa mwaka. Hilo ni pipa zima na zaidi. Nunueni pipa moja kwa kuchanga, liwe na kifuniko na lisimame kivulini, na mnunuzi mwenye leseni atawafuata wenyewe.

Na kwa serikali yetu ya kaunti: Katiba imewapa nyinyi kazi ya taka, na kifungu cha 42 kimempa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya taka ya mwaka 2022 nayo inawataka watengenezaji na waagizaji kubeba jukumu la bidhaa zao zikishatumika. Basi anayetuuzia oili mpya atuambie pia pa kurudisha ya zamani. Pipa moja katika kila wadi, lenye kufuli na mtu wa kulisimamia, si ombi kubwa. Mwananchi asiye na pa kuipeleka ataimwaga, hata umtishe kwa faini.

Kisima cha Bi mkubwa bado kimefunikwa kwa bati. Mimi na majirani tulichanga tukamnunulia tangi, na sasa huuza maji yanayoletwa na lori. Faida ni ndogo kuliko ya zamani, kwa sababu maji ya kisima alikuwa hayanunui. Hajawahi kunilaumu. Kila baada ya mvua hufunua bati, akateka ndoo moja, akainusa, kisha akaifunika tena.