Kesi ya Wajir: Kwa nini shahada ya gavana huulizwa kabla ya kura

Mpigakura wa wadi ya Waberi, mjini Garissa, hukabidhiwa karatasi sita siku ya uchaguzi mkuu. Moja ni ya kumchagua gavana, kiti ambacho sheria inamtaka anayekiwania awe na shahada ya chuo kikuu. Karatasi yenyewe haimwonyeshi mpigakura shahada hiyo. Humwonyesha jina, picha na alama ya chama, naye huamini kuwa yaliyosalia yamekaguliwa na wanaohusika.

Je, ikiwa baada ya kura kuhesabiwa mtu atadai kwamba mshindi hakuwa na shahada? Ni nani mwenye uwezo wa kuamua, na kwa wakati gani? Jibu lilitokana na mzozo wa kaunti jirani ya Wajir, uliopanda ngazi tatu za mahakama na kuwaweka wakazi katika hali ya kutojua hatima ya gavana wao kwa takriban miezi 18.

Mzozo wenyewe

Katika uchaguzi wa Agosti 8, 2017, Bw Mohamed Abdi Mahamud, aliyewahi kuwa balozi wa Kenya nchini Saudi Arabia, alitangazwa mshindi wa ugavana wa Wajir. Alimshinda Bw Ahmed Abdullahi, gavana wa kwanza wa kaunti hiyo, aliyechaguliwa mwaka wa 2013.

Bw Abdullahi na mlalamishi mwenzake walielekea Mahakama Kuu. Pamoja na malalamishi kuhusu jinsi uchaguzi ulivyoendeshwa, walidai kwamba Bw Mahamud hakustahili kuwa debeni kwa kuwa hakuwa na shahada inayotambuliwa. Bw Mahamud alishikilia kuwa alihitimu, na kwamba Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ilimwidhinisha kuwania baada ya kupokea stakabadhi zake. Chuo kilichotajwa ni Kampala University cha nchini Uganda.

Mnamo Januari 12, 2018, Jaji Alfred Mabeya alibatilisha ushindi huo, akisema gavana hakuwa ametimiza sharti la elimu. Aprili mwaka huo, Mahakama ya Rufaa iliunga mkono uamuzi huo. Bw Mahamud alikuwa amebakiwa na mlango mmoja tu, Mahakama ya Juu. Mnamo Februari 15, 2019, mahakama hiyo ilimrejeshea ushindi wake.

Waliofuatilia kesi hiyo kwa mbali walidhani kwamba majaji wa Mahakama ya Juu walikuwa wamepuuza suala la elimu. Kilichokuwa mbele yao, hata hivyo, kilikuwa swali la kutangulia: je, mahakama inayosikiliza kesi ya kupinga matokeo ina mamlaka ya kuchunguza jambo ambalo lilipaswa kuamuliwa kabla ya kura?

Sheria inavyosema

Kipengee cha 180 cha Katiba ya 2010 kinaeleza kuwa anayetaka ugavana sharti awe anastahili kuwania udiwani. Kipengee cha 193 nacho kinamtaka mwaniaji wa udiwani atimize masharti ya elimu, maadili na nidhamu yaliyowekwa na Katiba au na Bunge. Masharti ya elimu yamo katika Kifungu cha 22 cha Sheria ya Uchaguzi ya 2011, kinachodai shahada kutoka chuo kinachotambuliwa nchini kwa wanaowania urais, ugavana na unaibu wa viti hivyo viwili.

Hili ni jambo jipya katika eneo hili. Chini ya katiba ya zamani, Kaskazini Mashariki ulikuwa mkoa mmoja chini ya mkuu wa mkoa aliyeteuliwa, wala hakupigiwa kura na yeyote. Mwaniaji wa ubunge alitakiwa tu kumudu Kiswahili na Kiingereza kiasi cha kushiriki mijadala bungeni. Ni baada ya uchaguzi wa 2013 ambapo Garissa, Wajir na Mandera zilipata magavana wa kuchaguliwa, na pamoja nao mizozo kuhusu nani anastahili.

Katiba yenyewe imegawa kazi ya kutatua mizozo hiyo. Kipengee cha 88 kinaipa IEBC jukumu la kusuluhisha mizozo ya uchaguzi, ikiwemo inayotokana na uteuzi wa wawaniaji, ila si kesi za kupinga matokeo wala mizozo inayozuka baada ya matokeo kutangazwa. Hiyo ya baadaye ni ya mahakama. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Uchaguzi kinaitaka tume kuamua kila lalamishi katika muda wa siku 10 baada ya kuwasilishwa, na kabla ya siku ya uteuzi au ya kura inayohusika.

Kwa hivyo kuna uzio kati ya vipindi viwili, na siku ya kura ndiyo mpaka. Kesi ya Wajir iliuliza kama uzio huo una lango.

Hoja za pande mbili

Waliounga mkono kubatilishwa kwa uchaguzi walikuwa na hoja nzito. Masharti ya Katiba, walisema, hayafutiki kwa sababu mtu amepata kura nyingi. Kama mtu asiyestahili ameingia debeni kimakosa, makosa hayo hayageuki kuwa haki usiku wa kuhesabu kura. Mahakama inayoulizwa iwapo fulani alichaguliwa kihalali haiwezi kufumbia macho swali la iwapo alistahili kuchaguliwa.

Upande wa pili nao ulikuwa na hoja yenye uzito wake. Ikiwa kila lalamishi kuhusu stakabadhi linaweza kuhifadhiwa hadi baada ya kura, mwaniaji mjanja atanyamaza wakati wa uteuzi, akisubiri kuona kama atashinda. Akishinda, karatasi za mpinzani hazitamsumbua. Akishindwa, atazifukua. Gharama ya ujanja huo itabebwa na mpigakura, ambaye alitembea hadi kituoni, akapanga foleni juani na kuchagua kwa nia njema kati ya majina aliyopewa na tume.

Uamuzi wa Mahakama ya Juu

Mahakama ya Juu ilikubaliana na upande wa pili, lakini haikuufunga mlango kabisa. Iliweka mwongozo ambao tangu hapo umekuwa dira ya kesi za aina hii kote nchini.

Kwanza, mizozo yote ya kabla ya uchaguzi, pamoja na ile ya uteuzi, ianzie kwa IEBC au kwa jopo la kutatua mizozo ya vyama vya kisiasa, kulingana na aina ya mzozo. Asiyeridhika na uamuzi wa huko anaweza kwenda Mahakama Kuu kabla ya siku ya kura.

Pili, jambo ambalo tayari limeamuliwa na vyombo hivyo halitarudishwa kama msingi wa kesi ya kupinga matokeo.

Tatu, mtu aliyejua, au aliyepaswa kujua, kasoro za mwaniaji lakini akanyamaza hawezi kuzitumia baadaye kupinga ushindi wake katika kesi ya uchaguzi.

Nne, na hili ndilo lango lililoachwa wazi, Mahakama Kuu inaweza kuchunguza mzozo wa kabla ya kura ikiwa unagusa mzizi wa uchaguzi wenyewe, na mlalamishi hakujua wala hangeweza kujua ukweli huo mapema. Aidha, mahakama ilisema aliyenyamaza bado anaweza kufika Mahakama Kuu kwa kesi ya kikatiba, hata baada ya kesi ya uchaguzi kuamuliwa. Hiyo ni njia tofauti, na haihusu kuhesabu upya nani alishinda.

Tofauti kati ya aina hizi za mizozo huonekana wazi ukilinganisha Wajir na Garissa. Katika uchaguzi wa 2013, ushindi wa Bw Nathif Jama Adam katika ugavana wa Garissa ulipingwa kwa madai ya dosari katika uendeshaji wa uchaguzi. Mahakama Kuu iliuhifadhi ushindi huo, Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha, na mwaka wa 2014 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Hakuna aliyeuliza kwa nini malalamishi hayo hayakupelekwa kwa IEBC mapema, kwa sababu hakuna anayeweza kulalamikia upigaji au uhesabuji wa kura kabla kura hazijapigwa. Cheti cha chuo, kwa upande mwingine, kipo au hakipo miaka mingi kabla ya kampeni kuanza.

Uzito wake kwa Kaskazini Mashariki

Kimsingi, uamuzi huo uliuhamisha mzigo. Kazi ambayo wengi waliiachia mahakama baada ya kura sasa ni ya raia kabla ya kura, na muda wenyewe ni mfupi: majuma machache kati ya siku wawaniaji wanapoidhinishwa na siku karatasi za kura zinapochapishwa.

Kwa mkazi wa jiji la Nairobi, ambako IEBC ina makao yake makuu, muda huo huenda ukatosha. Kwa mkazi wa Mandera, takriban kilomita 1,000 kutoka jiji hilo, kumpata wakili, kukusanya ithibati kutoka chuo cha nchi nyingine na kuwasilisha lalamishi kwa wakati si jambo jepesi. Sheria ni moja kwa wote, lakini barabara si moja.

Hata hivyo, eneo hili lina utaratibu ambao ungeweza kusaidia. Katika kaunti hizi tatu, kinyang'anyiro cha ugavana huanza mapema katika vikao vya wazee wa koo, wanaopatana juu ya nani aungwe mkono na kiti kipi kiende kwa ukoo gani. Mara nyingi maafikiano hayo hufikiwa miezi mingi kabla ya IEBC kupokea stakabadhi za mtu yeyote.

Vikao hivyo vimekuwa vikilaumiwa kwa kuwanyima wapigakura, hasa wanawake na vijana, nafasi ya kuchagua. Wala kauli ya wazee si sheria. Katika uchaguzi wa 2017, baraza la wazee wa jamii ya Garre lilitaka viongozi waliokuwa madarakani wasitetee viti vyao, lakini Gavana Ali Roba wa Mandera akakaidi, akawania na kushinda. Pamoja na hayo, kikao kinachojadili ukoo wa mwaniaji kwa siku kadhaa kingeweza pia kutenga saa moja ya kumtaka alete vyeti vyake. Pale ambapo lalamishi linahitaji muda kuandaliwa, hiyo ndiyo hatua yenye muda wa kutosha.

Mfano wa Nairobi

Uchaguzi wa 2022 ulionyesha kwamba hata swali linaloulizwa mapema huenda lisimwondoe mwaniaji debeni. Shahada ya Bw Johnson Sakaja, aliyewania ugavana wa Nairobi, ilizua mjadala mkali. Ilikuwa imetoka Team University, pia cha Uganda. Mnamo Juni 2022, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ambayo hutambua shahada za kigeni, ilifuta hatua yake ya awali ya kuitambua. Malalamishi yalifikishwa mbele ya IEBC na mahakamani. Bw Sakaja alibaki kwenye karatasi ya kura na kuibuka mshindi Agosti 9, 2022.

Tofauti na Wajir ni kwamba wakazi wa Nairobi walipiga kura wakiwa wameyasikia madai hayo na majibu yake. Waliomchagua walimchagua wakijua.

Sharti lenyewe limepungua upana. Kabla ya uchaguzi huo wa 2022, Mahakama Kuu ilitupilia mbali ulazima wa shahada kwa madiwani na wabunge, lakini kwa ugavana umesalia.

Yaliyofuata Wajir

Ushindi mahakamani haukumpa Bw Mahamud utulivu. Mnamo Aprili 2021, bunge la kaunti lilipiga kura ya kumtimua kwa madai ya ukiukaji wa sheria yasiyohusu shahada, na Mei mwaka huo Seneti ikaidhinisha hatua hiyo. Naibu wake, Bw Ahmed Ali Muktar, akaapishwa. Suala la kutimuliwa nalo likaishia mahakamani. Mwaka wa 2022, Bw Abdullahi, aliyekuwa amepoteza kesi ya shahada, alirejea kwa wapigakura na kushinda kiti alichokipoteza miaka mitano awali. Garissa nako, Bw Nathif Jama, aliyeshindwa mwaka wa 2017, alichaguliwa tena.

Hivyo basi, hatimaye ni wapigakura waliomaliza ubishi ambao mahakama ziliurithi. Lakini kwa sehemu ya miezi hiyo 18, gavana aliongoza kaunti huku mahakama mbili zikiwa zimesema hakuchaguliwa kihalali, na wananchi wakingoja kujua kama watarudi debeni.

Uchaguzi mkuu ujao umepangiwa Agosti 10, 2027. Mpigakura wa Waberi mwenye shaka kuhusu mwaniaji anahitaji kukumbuka mambo matatu: apate ithibati, kwa kuwa tetesi hazitoshi, awasilishe lalamishi kwa IEBC mara tu mwaniaji anapoidhinishwa, na asiporidhika, aende Mahakama Kuu kabla ya siku ya kura. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika suala la shahada ya gavana, Mahakama ya Juu imeshaeleza kuwa wakati wa kuuziba ufa huo ni kabla ya kura kupigwa.