Bomba Ndani ya Dohani

Haya, wadogo zangu, sogeeni niwasimulie habari za moshi. Moshi una tabia moja: ukiwa na joto hupanda, ukipoa hulegea. Ishikeni hiyo, maana ndiyo itakayotufikisha mwisho wa hadithi.

Huko Uingereza, kwenye baridi kali, nyumba za zamani zilijengwa na meko ndani ya ukuta wa sebule. Juu ya meko kuna dohani, njia ya moshi iliyojengwa kwa matofali. Hupanda ndani ya ukuta, hupita kando ya vyumba vya kulala, kisha hutokeza juu ya paa. Ndani yake mafundi walipiga lipu ya chokaa, mara nyingi wakiichanganya na samadi ya ng'ombe, kama bibi zetu wanavyosiriba kuta.

Sasa, nani aliyesafisha masizi humo ndani? Dohani nyingi zilikuwa na upana wa sentimeta 23 kwa 36. Chukua rula upime, utaona kwamba mtu mzima hapiti. Basi walitumwa watoto, wengine hawajatimiza hata miaka saba, wakapanda gizani kwa magoti na viwiko. Sheria ya 1788 ilikataza kuwachukua walio chini ya miaka 8. Ya 1840 ilikataza kumpandisha yeyote aliye chini ya miaka 21. Mabwana wao wakazipuuza zote mbili. Mwaka 1875 mvulana aitwaye George Brewster alikwama ndani ya dohani karibu na mji wa Cambridge, akafa. Mwaka huohuo ikatungwa sheria kali: kila msafishaji awe na leseni, na polisi wamfuatilie. Kazi ya watoto hao ikakomea hapo.

Watoto waliokoka, lakini dohani zikaendelea kuzeeka. Moshi wa kuni una unyevu na tindikali, navyo hula chokaa taratibu. Lipu ikimomonyoka, nyufa hufunguka. Kupitia nyufa hizo huvuja gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ikaingia vyumbani watu wamelala. Joto nalo hupenya hadi kwenye mbao za paa. Tena dohani, nyembamba kwa mtu lakini pana kwa moshi, huupoza, na moshi uliopoa huacha ukutani utando mweusi unaonata, uitwao kriosoti. Kriosoti ikishika moto, dohani nzima hunguruma, na joto lake laweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi.

Je, ukuta ubomolewe? Hapana. Fundi huingiza bomba jipya ndani ya dohani kuukuu. Bomba hilo ni la chuma kisichoshika kutu, lenye tabaka mbili: la nje lina mikunjo ili lijipinde, la ndani ni laini ili moshi uteleze. Upana wake hautokani na kubahatisha. Jiko dogo la chuma lenye mlango hutosheka na milimita 150. Meko ya wazi humeza hewa nyingi ya chumbani pamoja na moshi, kwa hiyo hata ile ndogo huhitaji milimita 200.

Tuangalie kazi ya kuweka bomba la jiko la chuma. Kwanza dohani husafishwa kwa brashi ndefu mpaka masizi yaishe. Kisha fundi mmoja hupanda juu ya paa, mwenzake hubaki mekoni. Wa juu huteremsha kwa kamba tufe zito lenye unene sawa na bomba. Likifika chini bila kukwama, njia ni nyeupe. Kamba hufungwa kwenye kofia yenye ncha iliyovishwa kwenye mdomo wa bomba, na safari inaanza: wa juu anasukuma, wa chini anavuta.

"Vuta!"

"Taratibu, limegusa kona!"

Hakuna kutumia nguvu hapo, maana bomba likichanika ni la kutupwa. Tazameni pia ile mishale iliyochorwa ubavuni mwake, inayoonyesha moshi unakoelekea. Bomba likipinduliwa, majimaji yanayoteremka ndani yatanasa kwenye maungio badala ya kutiririka hadi chini.

Chini, bomba huunganishwa na jiko, na mdomo wa dohani huzibwa kwa bati zito. Nafasi iliyobaki kati ya bomba na matofali yaweza kujazwa vermikulaiti, madini mepesi yaliyochomwa yakavimba. Madini hayo yapo hata kwetu Afrika Mashariki, huko Namekara, mashariki mwa Uganda. Kazi yake ni kutunza joto la bomba. Mnakumbuka tabia ya moshi? Ukibaki na joto, hupanda upesi, nayo kriosoti hupungua. Juu kabisa huwekwa kofia yenye wavu, kuzuia mvua na ndege wanaopenda kujenga viota humo.

Mwisho huwashwa kidonge cha moshi ili kuona kama wote unapanda. Ukutani hufungwa king'ora cha kaboni monoksidi, kinachotakiwa na sheria ya England tangu 2010 jiko la kuni linapowekwa. Hata hivyo bomba si kinga ya uvivu: kuni ziwe kavu, na brashi ipite angalau mara mbili kwa mwaka.

Wengi wenu hamna dohani nyumbani, lakini mna jiko la mkaa, na gesi yake ni ileile. Hata mvua ikinyesha usiku kucha, msilale nalo chumbani. Mkimwona mtu mzima analiingiza ndani na kufunga madirisha, mwambieni kwa adabu alitoe nje.