Mchezo wa video: je, ni haki mchezaji alazimishwe kununua kipande kingine cha maneti?

Mtu aliyenunua mashine ya Wii mwishoni mwa mwaka wa 2006 aliipeleka nyumbani akijua kwamba amemaliza kulipa. Katika Marekani bei ilikuwa dola 249,99. Ndani ya kartoni mlikuwa mashine yenyewe, maneti moja nyeupe inayofanana na telekomande ya televizyo, maneti ndogo ya mkono wa pili iitwayo Nunchuk, na mchezo wa Wii Sports. Miaka mitano baadaye, mwezi wa 11 mwaka wa 2011, mtu huyo akaingia dukani kutafuta mchezo mpya wa The Legend of Zelda, uitwao Skyward Sword. Juu ya kartoni akakuta onyo: bila kifaa kinachoitwa Wii MotionPlus, mchezo huu hauchezeki.

Si kwamba ungechezeka kwa shida, ao kwa picha mbaya kidogo. Hauchezeki hata kidogo. Mashine ilikuwa nzima, maneti ilikuwa nzima, lakini mwenye navyo alipaswa kuingiza mkono mfukoni tena.

Tangu hapo wapenzi wa michezo ya video wanabishana juu ya ulizo hili: kampuni inayouzisha mchezo ina haki ya kumlazimisha mnunuzi aongeze kipande kingine kwenye maneti aliyo nayo? Wengi hujibu haraka, wa upande huu kwa hasira, wa upande ule kwa mapenzi ya kampuni yao. Lakini historia ya kipande kile kidogo cha Nintendo inaonyesha kwamba jibu linategemea mambo mawili: kama mchezo kweli unakihitaji, na kama kimewekwa ndani ya kartoni moja na mchezo.

Ahadi ya upanga

Nintendo ilipoleta Wii sokoni, watu waliambiwa kwamba mkono wao ndio utakuwa raketi, fimbo ya gofu, ao upanga. Kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilitoa pamoja na mashine hiyo mchezo wa Red Steel, ambamo mtu anapigana kwa bunduki na kwa upanga. Wachezaji wakasimama mbele ya televizyo, wakapunga mkono, na bila kukawia wakatambua kwamba upanga wa kwenye kioo haufuati mkono wao. Mtu alipiga kutokea kushoto, upanga ukapiga namna unavyojua wenyewe.

Sababu ilikuwa ndani ya maneti. Kilichokuwemo ni akselerometa, chombo kinachopima namna kitu kinavyosukumwa na namna uzito wa dunia unavyokivuta. Chombo hicho kinajua kama maneti imetikiswa, kinajua pia kama imeinamishwa. Lakini mtu akiigeuza kutoka kushoto kwenda kulia, sawa na mtu anayefungua mlango, uzito wa dunia unaendelea kuivuta vilevile, na chombo kinabaki gizani. Kwenye ncha ya maneti mlikuwa pia kamera ndogo iliyotazama taa za mwanga usioonekana kwa jicho, zilizowekwa karibu na televizyo. Mkono ukiinuka ili upige, kamera haioni tena taa hizo. Mashine ilibaki kukisia tu.

MotionPlus ilitangazwa mwezi wa 7 mwaka wa 2008 na kuanza kuuzishwa mwezi wa 6 mwaka wa 2009. Ni kipande kidogo kinachochomekwa chini ya maneti, na ndani yake mna jiroskopu, yaani chombo kinachopima mwendo wa kuzunguka. Pale upanga wa kwenye kioo ukaanza kufuata mkono: ukiuinua unainuka, ukiugeuza ubapa unageuka. Kasoro ilibaki moja. Jiroskopu hukusanya makosa madogo madogo, na mara kwa mara mchezaji alilazimika kuirudisha kwenye mstari. Lakini mtu aliyekuwa amecheza Red Steel hakuhitaji kuelezwa tofauti.

Na hapo ndipo malalamiko yanapata nguvu. Kipande hicho kilileta kitu ambacho watu wengi walifikiri wamekwisha kukilipia mwaka wa 2006. Kuuzisha upanga, kiisha kuuzisha makali yake miaka mitatu baadaye, ni biashara inayohitaji maelezo.

Hesabu ya watu wanne

Kwa mchezaji mmoja, Nintendo ilianza vizuri. Mchezo wa Wii Sports Resort, uliotoka Marekani mwezi wa 7 mwaka wa 2009, ulilazimisha MotionPlus, lakini kipande kimoja kilikuwa ndani ya kartoni, na bei yote ilikuwa dola 49,99. Watu hawakusita: nakala zaidi ya milioni 33 ziliuzishwa ulimwenguni. Karibu hakuna mtu anayekumbuka mchezo huo kama mchezo wa kulazimishwa.

Lakini Wii iliuzishwa kama mashine ya jamaa. Wazazi na watoto, watu wanne mbele ya televizyo moja. MotionPlus ya pembeni iligharimu dola 19,99. Kwa watu wanne zilihitajika tatu zaidi, yaani karibu dola 60, bei inayopita ile ya mchezo wenyewe. Ni kweli kwamba katika gofu na bowling watu waliweza kupokezana maneti moja. Katika kupigana kwa mapanga hakuna kupokezana, na mapanga ndiyo kila mtoto alikuwa anayataka.

Mwishoni mwa mwaka wa 2010 Nintendo ikatoa maneti mpya, Wii Remote Plus, yenye jiroskopu ndani yake. Ukubwa ulikuwa uleule wa maneti ya zamani, na bei pia ileile: dola 39,99. Kwa mnunuzi mpya hiyo ilikuwa habari njema. Kwa mtu aliyekuwa na maneti nne za zamani pamoja na vipande vinne vya kuchomeka, hesabu yake haikuwa ya kufurahisha.

Ndipo Zelda ikafika. Mchezo peke yake uliuzishwa dola 49,99. Ukiongeza kipande cha dola 19,99 unafika dola 69,98. Nintendo ilitoa pia kartoni nyingine yenye mchezo na maneti nzima mpya ya rangi ya dhahabu, kwa dola 69,99. Mtu aliyewahi kufika dukani alifanya biashara nzuri sana, kwa sababu kwa senti moja ya ziada alipata maneti nzima badala ya kipande. Ila kartoni hizo zilikuwa za idadi ndogo. Aliyechelewa alinunua kila kitu mbalimbali.

Mtengenezaji naye ana shida yake

Haifai kusahau upande wa wale wanaotengeneza mchezo. Katika Skyward Sword, adui hasimami tu akingoja kupigwa. Anaweka silaha yake kushoto, na mchezaji anatafuta nafasi kulia. Kuna mmea mkali unaofungua mdomo mara kwa kwenda juu, mara kwa kwenda pembeni, na mtu asipokata kwa kufuata mdomo ulivyofunguka, pigo lake ni bure. Hata shujaa Link, ambaye katika michezo mingi ya zamani alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, hapa anashika upanga kwa mkono wa kulia, kwa sababu ndio mkono ambao wachezaji wengi wanatumia. Ukiondoa jiroskopu katika kazi kama hiyo, mchezo mzima unapaswa kufikiriwa upya.

Eiji Aonuma, msimamizi wa michezo ya Zelda, alieleza wakati ule kwamba timu yake iliwahi hata kuiacha MotionPlus kwa sababu ya ugumu wake, kiisha ikairudilia ilipoona kazi ya wenzao wa Wii Sports Resort. Kwa maneno mengine, si kipande kilichoongezwa siku ya mwisho ili kukamua pesa za watu.

Njia nyingine ingekuwa kukiacha kipande kiwe cha hiari. Michezo kadhaa ya mwaka wa 2009 ilifanya hivyo, kama Virtua Tennis 2009 ya Sega na Tiger Woods PGA Tour 10 ya EA. Aliye na kipande anapata mwendo mzuri, asiye nacho anacheza kama zamani. Inaonekana kuwa haki kabisa, lakini mtengenezaji anafanya kazi mara mbili, na anajua kwamba lazima mchezo wake ueleweke kwa maneti dhaifu. Kwa hiyo hathubutu kuweka jambo lolote linalohitaji nguvu ya maneti mpya. Kipande cha hiari hupata michezo ya woga, na kwa sababu michezo ni ya woga watu hawaoni sababu ya kukinunua.

Ubisoft yenyewe ilichagua kulazimisha. Red Steel 2, iliyotoka mwezi wa 3 mwaka wa 2010, haikuchezeka bila MotionPlus, na upanga wake ulikuwa ule ambao mchezo wa kwanza ulishindwa kuutoa. Waliocheza waliusifu. Red Steel ya tatu haijatoka mpaka leo.

Skyward Sword iliuzishwa nakala zaidi ya milioni 3 kwenye Wii, hali Zelda iliyotangulia kwenye mashine hiyohiyo, Twilight Princess, ilipita milioni 7. Si haki kuweka tofauti yote juu ya kipande cha dola 20. Mwaka wa 2011 Wii nyingi zilikuwa zimekwisha kuwekwa kabatini, na Twilight Princess ilitoka pamoja na mashine mpya. Lakini mtu ambaye anasitasita mbele ya duka hahitaji sababu nyingi ili arudi nyumbani.

Kuweka kipande katika kartoni ya mashine kunaweza kuonekana kuwa dawa. Microsoft ilijaribu. Mwezi wa 11 mwaka wa 2013 ilitoa Xbox One pamoja na kamera ya Kinect kwa lazima, dola 499. PlayStation 4 ya Sony, bila kamera, ilikuwa dola 399. Watu wakapiga hesabu. Mwezi wa 6 mwaka wa 2014 Xbox One ikaanza kuuzishwa bila Kinect kwa dola 399, na mwaka wa 2017 Microsoft ikaacha kabisa kuitengeneza. Kwa upande mwingine, Guitar Hero ya mwaka wa 2005 iliuzishwa na gita lake la plastiki katika kartoni moja, na watu walilinunua kwa furaha, kwa sababu gita ndilo lilikuwa mchezo.

Mashariki mwa Kongo, jambo hili lina uso mwingine. Katika miji kama Bukavu, Bunia ao Uvira, vijana wengi hawana mashine yao. Wanaenda kucheza kandanda kwa mwenye televizyo na PlayStation, wanalipa kwa mechi. Kwake yeye maneti ni kama jembe kwa mkulima: bila maneti mbili nzima hakuna mechi, na maneti ndiyo huharibika mbele ya vitu vingine. Mashine nyingi zinafika zikiwa zimekwisha kutumiwa ngambo, bila kartoni, bila karatasi, na bila kile kipande ambacho mwenye kwanza alikipoteza. Mchezo unaodai kifaa cha pekee unakuwa diski isiyo na kazi. Mchezo wa kandanda unaokubali maneti yoyote ya mashine hiyo unaendelea kuingiza pesa.

Kuna pia watu ambao hawatajwi sana katika mabishano haya. Mtu ambaye mkono wake hauinuki, ao unatetemeka, hakufungiwa nje na bei. Alifungiwa nje na upanga wenyewe. Hata angepewa MotionPlus bure, Skyward Sword ya mwaka wa 2011 haikumpa njia yoyote ya kupiga kwa kifungo.

Njia hiyo ilipatikana miaka kumi baadaye. Tarehe 16 mwezi wa 7 mwaka wa 2021, Nintendo ilitoa tena mchezo huo kwenye mashine ya Switch, kwa jina la Skyward Sword HD. Maneti za Switch zina jiroskopu tangu siku ya kwanza, kwa hiyo hakuna cha kuchomeka. Asiyetaka kupunga mkono anasukuma kijiti cha kulia, na upanga unapiga upande ule ule. Mchezo ambao uliambiwa watu kwamba hauwezekani bila kipande cha pembeni ukawezekana ukiwa umekaa kwenye kiti, kwa vidole tu. Wengine wanasema kwa kijiti hauna utamu ule. Huenda ni kweli, lakini sasa mchezaji ndiye anachagua.

Bei ilikuwa dola 59,99. Na kabla mchezo haujafika dukani, Nintendo ikatangaza sanamu ndogo ya Zelda na ndege wake, dola 24,99. Mwenye kuigusisha kwenye maneti anaweza kutoka ardhini kwenda angani mahali popote na kurudi pale pale alipokuwa. Asiye nayo anatembea mpaka kwenye sanamu ya ndege iliyo karibu, kama mwaka wa 2011.