Nyota Wasioonekana Kutoka London

Mwanafunzi wa Kenya asikiapo raga hufikiria mchezo wa watu 15, au ule wa saba. Upo wa tatu, wa wachezaji 13, uliozaliwa mwaka 1895 mjini Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza. Klabu za huko zilijitenga zipate kuwafidia wachezaji wao, wengi wakiwa wachimba migodi na wafanyakazi wa viwandani, ujira walioukosa siku za mechi.

Je, raga hiyo haina nyota? La hasha! Jason Robinson alitamba kwa miaka kadhaa katika klabu ya Wigan, huko huko kaskazini. Alipohamia mchezo wa watu 15 mwaka 2000, kisha akafunga trai katika fainali ya Kombe la Dunia ya 2003, ndipo Uingereza nzima ilipomshangilia. Kasi yake ilikuwa ile ile!

Walioshindwa kuhama, au hawakutaka, walibaki na sifa za mtaani. Billy Boston, mzaliwa wa Cardiff, aliifungia Wigan trai 478 kati ya 1953 na 1968. Mfalme Charles alipomtunuku hadhi ya Sir, Juni 2025, mzee huyo alikuwa na umri wa miaka 90, na hakuna mchezaji wa raga hiyo aliyekuwa amemtangulia.