MBWA AKIVUNJIKA MGUU

Ndugu msomaji, tuseme ni jioni, watoto wanacheza uani, na mbwa wa nyumbani anachomoka langoni kumfukuza paka. Breki za gari zinalia. Unapofika barabarani unamkuta mnyama amelala kando ya mtaro, paja limevimba, na mguu mmoja wa nyuma unaning'inia kama si wake. Watoto wanalia. Majirani hawakosi shauri: mmoja asema heri apigwe rungu apumzike, mwingine asema afungwe vijiti, mguu utajiunga wenyewe. Umsikilize nani?

Yule wa kwanza ana haraka mno. Yule wa pili amesema nusu ya kweli, kwani mfupa wa mbwa, kama wa binadamu, hujiunga wenyewe. Lakini hujiunga vile ulivyokaa. Ukikaa upande, utaunga upande. Ukichezacheza, huenda usiunge kabisa.

UHAI KWANZA, MGUU BAADAYE

Mguu uliovunjika si jambo la kwanza la kuhofiwa. Mbwa aliyegongwa na gari aweza kuwa anavuja damu tumboni au ameumia mapafu, na hayo ndiyo yauayo upesi. Kwa hiyo usishangae daktari wa mifugo akianza kwa kutazama ufizi, kusikiliza moyo na pumzi, na kuuacha mguu usubiri hata siku nzima au zaidi. Ufizi ukiwa mweupe, hali ni ya hatari.

Wewe mwenyewe, kabla ya kumfikisha kwa daktari, kumbuka kwamba maumivu humfanya hata mbwa mpole amng'ate bwana wake. Mfunge mdomo kwa kitambaa, ila kama anahema kwa shida au anatapika usimfunge. Mlaze juu ya ubao au blanketi, kidonda kilicho wazi ukifunike kwa kitambaa safi, wala usijaribu kuunyoosha mguu. Usimpe vidonge vya watu vya kutuliza maumivu. Vingi vyaweza kumdhuru ini, tumbo au figo. Na ikiwa amekung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana kichaa cha mbwa hakina mzaha.

VIJITI, HOGO NA VYUMA

Kanuni ya banzi ni moja: lazima lizuie kiungo cha juu na kiungo cha chini ya mahali palipovunjika. Muundi ukivunjika yawezekana, kwani goti na kifundo cha mguu vyote hufungika. Lakini paja je? Juu yake iko nyonga, ambayo haifungiki vizuri. Banzi la paja huteremka, likaning'inia kama uzito wa ziada na kuivuta mifupa mbali zaidi. Hapo ndipo upasuaji unapohitajika, mnyama akiwa amelazwa kwa nusukaputi.

Daktari hutia chuma ndani ya uwazi wa mfupa, au hukaza bamba la chuma kwa skrubu, au huweka pini zinazopenya ngozi na kushikwa na fito kwa nje. Njia hii ya mwisho ina historia ya kuvutia. Katika miaka ya 1930, daktari wa wanyama wa Marekani aitwaye Otto Stader alibuni chombo cha pini na fito kwa ajili ya mbwa, ambao mara nyingi huzitafuna bandeji na hogo. Madaktari wa hospitali ya Bellevue, New York, walikitumia kwa watu, na mwaka 1942 wakaandika habari zake pamoja na Stader. Katika Vita Kuu ya Pili chombo hicho kiliwatibu mabaharia wa Marekani waliovunjika mifupa. Hivyo elimu iliyopatikana kwa kumtibu mbwa ilimfaa binadamu.

NUSU YA TIBA IKO NYUMBANI

Kazi ya daktari yaweza kuharibika kwa juma moja la uzembe. Baada ya siku chache maumivu hupungua, na mbwa hutaka kukimbia, ilhali mfupa bado. Mbwa mzima huhitaji kiasi cha majuma sita hadi manane au zaidi. Mtoto wa mbwa huunga upesi. Muda wote huo akae mahali padogo, pasipo ngazi wala sakafu ya utelezi, atoke kwa kamba tu kwenda haja. Watoto waelezwe kwamba kumpenda sasa ni kutocheza naye.

Kila siku tazama vidole chini ya bandeji. Vikivimba au kuwa baridi, bandeji ikilowa au kunuka, mrudishe siku hiyo hiyo. Bandeji iliyobana huweza kuuozesha mguu uliokuwa wa kupona. Asilambe mshono. Na mwisho, picha ya eksirei ndiyo itakayosema mfupa umeunga, si macho yako.

Chakula nacho kisizidi. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2002 uliwafuata mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao. Hao wakaishi karibu miaka miwili zaidi, na viungo vyao vikachelewa kuugua.

Ndugu msomaji, upasuaji una gharama, na si kila mshahara unaoimudu. Mwulize daktari waziwazi. Kuukata mguu mara nyingi ni rahisi kuliko kuunga, na mbwa wengi hutembea vyema kwa miguu mitatu. Na pale pasipo njia, sindano ya daktari humpumzisha mnyama bila mateso. Rungu halina nafasi.

Watoto wako watasahau bei uliyolipa. Namna ulivyomtendea kiumbe aliyelinda mlango wenu usiku hawataisahau.