Mboji Iliyosahauliwa Guniani

Mwishoni mwa msimu, katika ghala za bustani za shule, mara nyingi husalia magunia mawili matatu ya mboji isiyotumika. Yanapofunguliwa baada ya mwaka mmoja au miwili, huulizwa: je, hii bado ni mbolea, au ni ya kutupwa? Jibu limo katika mambo yaliyotendeka ndani ya gunia.

Mboji haifi kwa kufungwa. Bakteria na kuvu waliomo huendelea kula mabaki ya majani na samadi, wakitoa kaboni dayoksaidi. Ndiyo sababu mboji ya zamani hupungua ujazo. Sehemu kubwa ya naitrojeni imefungamana na mabaki hayo, nayo haipotei upesi. Ipoteayo ni ile iliyokwisha kuwa naitreti: maji ya mvua huichukua, au, pasipo hewa, bakteria huigeuza kuwa gesi. Potasi nayo huyeyuka na kufuata maji, lakini fosforasi hubaki kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo gunia lililonyeshewa huwa maskini kuliko lililokaa pakavu, hata kama yana umri mmoja.

Iko faida nyingine isiyopungua upesi. Chembe za mboji hushika maji, na kwa kuwa zina chaji hasi, huyashika pia madini yenye chaji chanya, kama vile kalsiamu na potasi. Katika udongo wa kichanga wa pwani, faida hiyo peke yake yatosha kutuzuia tusiitupe.

Pua ni kipimo kizuri kuliko wengi wanavyodhani. Mboji nzima hunuka kama ardhi baada ya mvua. Ikinuka uchachu au yai viza, imekosa hewa, na asidi zilizomo zaweza kudhuru mizizi michanga. Itandazwe kivulini na kugeuzwa kwa siku kadhaa mpaka harufu iishe. Iliyokauka kabisa ina tabia ya ajabu: hukataa maji, yakateleza juu yake. Inyunyizwe kidogo kidogo huku ikichanganywa.

Jaribio lifuatalo halihitaji maabara. Jaza makopo 3 udongo mzuri wa bustani, na mengine 3 udongo huo huo uliochanganywa na mboji nusu kwa nusu. Panda mbegu 10 za mchicha katika kila kopo, zimwagilie sawasawa, kisha hesabu zilizoota na utazame rangi ya majani. Maharage hayafai sana hapa, kwani mbegu yake hubeba akiba kubwa ya chakula, na upungufu wa naitrojeni huchelewa kuonekana. Tofauti ya mbegu moja au mbili isifanywe ushahidi. Hilo ni somo la hisabati lililo muhimu kama lile la kilimo.

Miche ya mchanganyiko ikiota vema lakini ikawa ya manjano, mboji ina afya ila ina njaa: iongezewe samadi iliyooza. Mbegu zisipoota, au majani yakijikunja, isitumiwe kwa mboga. Mboji iliyokwisha kuotesha miche iliyougua kinyausi isirudishwe kitaluni, ipelekwe migombani. Ile iliyofaulu jaribio itandazwe unene wa sentimita 3 hadi 5, ichanganywe na udongo wa juu.

Jambo moja husahauliwa mno. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Australia Kusini, watu waliugua homa ya mapafu iliyosababishwa na bakteria aitwaye *Legionella longbeachae*, naye akapatikana katika udongo wa kuoteshea miche uuzwao katika mifuko. Ugonjwa huo si wa kawaida, bali waweza kuua. Gunia la zamani lifunguliwe nje, uso ukiwa mbali na mdomo wake. Mboji iloweshwe kwanza ili vumbi lisiruke, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.