Mashine ya Kuandikia DVD: Ipi Inafaa kwa Kumbukumbu za Nyumbani?



Masuali yanayotufikia kuhusu kompyuta kwa kawaida huwa ni ya watoto na mitandao, lakini siku hizi yameongezeka ya aina nyengine. Familia zina mikanda ya video ya harusi za zamani, darsa za masheikh waliotangulia mbele ya haki, picha za wazee, na zinauliza zinunue mashine gani ya kuandikia DVD ili vitu hivyo visipotee. Wengine wanauliza kama DVD bado ina maana wakati kila mtu ana simu mkononi. Tumeona tuwajibu wote kwa pamoja.

Tuanze na jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa zaidi. Mikanda mingi iliyomo makabatini mwetu ni ya harusi, na ndani yake mna upande wa wanawake: bibi harusi anapambwa, mama na shangazi zake wamejipamba, hakuna aliyejistiri kwa sababu ukumbini hamkuwa na mwanamume. Mkanda huo ukipelekwa dukani kuhamishiwa kwenye DVD, kijana wa dukani atautazama tangu mwanzo hadi mwisho, kwani kazi yenyewe ndivyo inavyokwenda. Isitoshe, nakala hubaki ndani ya kompyuta ya duka hata kama hakukusudia ubaya wowote. Hukumu ya kuangalia kisichofaa kuangaliwa haibadiliki kwa kuwa picha imo ndani ya mkanda wa miaka 25 iliyopita. Kwa familia yenye mikanda ya namna hii, mashine ya nyumbani si anasa. Kazi ifanywe ndani ya nyumba, na ifanywe na mmoja wa wasichana wa nyumba hiyo. Wengi wao wanaijua kompyuta kuliko kaka zao.

Ama kuhusu suala la simu: DVD haiwezi kubeba kila kitu. DVD ya kawaida ina GB 4.7 kwa hesabu ya kiwandani, na kompyuta itakuonesha kama 4.37. Mtu mwenye GB 60 za picha za simu atahitaji DVD 14, na hatozimaliza kuandika kabla ya kuchoka. Picha hizo ziwekwe kwenye diski ya nje ya kompyuta. DVD tunaiweka kwa ajili ya vile vichache ambavyo tukivipoteza hatuvipati tena. Faida yake ni kuwa DVD ya kuandikwa mara moja haifutiki kwa bahati mbaya. Mtoto hawezi kuifuta, na kirusi cha kompyuta hakiwezi kuingia ndani yake baada ya kuandikwa. Flashi haina sifa hiyo, na sote tunajua flashi ngapi zimekufa ndani ya mikoba yetu.

Sasa mashine yenyewe. Ziko za aina mbili kuu. Ya kwanza ni ile nene ya kufungwa ndani ya kompyuta ya mezani, au ya kuwekwa nje ikiwa na waya wake wa umeme. Ya pili ni nyembamba, inayochomekwa kwenye USB ya laptopu na kupata nguvu kutoka humo humo. Ile nene huandika kwa kasi zaidi, mara nyingi 16x au zaidi, na nyembamba kwa kawaida hukomea 8x. Ukisoma maelezo ya watu wa nchi nyengine utaona wengi wanaisifu ile nene. Hapa visiwani sisi tunapendekeza nyembamba, na sababu ni umeme. DVD ya kuandikwa mara moja ikikatiziwa umeme katikati imeharibika, hairekebishiki. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009, kisiwa kilipokaa karibu miezi mitatu bila ya umeme, hawahitaji kuelezwa zaidi, na hata leo kukatika kwa dakika mbili kunatosha kuharibu kazi. Laptopu yenye betri nzima pamoja na mashine nyembamba huendelea kuandika kama kwamba hakuna lililotokea. Mwenye kompyuta ya mezani na atafute UPS kwanza.

Mashine nyembamba ina udhaifu mmoja. Tundu moja la USB la laptopu iliyochakaa pengine halitoi nguvu ya kutosha, na mashine hulia, husimama, au huleta kosa katikati ya kuandika. Tafuta yenye waya wa vichwa viwili, uchomeke vyote viwili. Usiipitishie kwenye kigawanyio cha USB.

Unapoiangalia dukani, soma alama zilizo juu yake. Iwe inaandika DVD-R na DVD+R zote mbili. Nyingi za leo hufanya hivyo, na tofauti ya alama hizo isikusumbue, ila ukijua kuwa DVD itachezwa kwenye deki ya zamani ya bibi, chukua DVD-R. Alama ya kuitafuta khasa ni M-DISC. Hizi ni DVD zilizotolewa na kampuni ya Kimarekani ya Millenniata mwaka 2009. DVD za kawaida za kuandikia hutumia rangi inayochomwa na mwanga wa leza, na rangi hiyo hufifia kwa joto na jua. M-DISC haina rangi hiyo. Leza hutoboa tabaka gumu mithili ya jiwe. Waliozitengeneza walisema zitadumu miaka 1,000, dai ambalo hakuna atakayeishi kulithibitisha, lakini kuwa zinastahamili joto na mwanga kuliko za kawaida ni jambo lenye mantiki. Kuziandika kunahitaji mashine yenye leza ya nguvu zaidi, ndiyo maana alama hiyo lazima iwepo. Kuzisoma, mashine yoyote ya DVD husoma. Bei yake ni kubwa, kwa hiyo nunua chache kwa ajili ya vile vya thamani tu.

Wenye jamaa Oman na Imarati huletewa mashine na DVD kutoka huko, na huulizia kuhusu namba za maeneo. Filamu za kununua za Ghuba huwa na namba 2, na za kwetu namba 5. Mashine ya kompyuta hukubali kubadilishwa namba mara tano tu, kisha hufunga kwenye ile ya mwisho. DVD unazoandika mwenyewe hazina namba yoyote, zitachezwa Muscat kama zinavyochezwa Wete. Kwa hiyo mashine iliyotoka Ghuba haina tatizo kwa kazi yetu hii.

Usingoje sana kununua. Laptopu mpya karibu zote hazina tena sehemu ya DVD, na Sony imeacha kutengeneza diski za Blu-ray za kuandikia tangu Februari 2025. Hizo si DVD, lakini soko ni moja na tunaona linakoelekea.

Baada ya mashine, watu hukosea zaidi kwenye kasi na kwenye kutohakiki. Usiandike kwa kasi ya mwisho iliyopo. Kwa 8x DVD nzima huchukua kama dakika 8 hadi 10, kwa 4x kama robo saa. Robo saa ni nini mbele ya sauti ya marehemu baba yako? Chagua 4x, na katika programu weka alama kwenye sehemu ya kuhakiki baada ya kuandika, ili kompyuta isome tena ilichokiandika na kulinganisha. Zile za kufutika, zenye alama ya RW, usizitumie kwa kumbukumbu. Zile za tabaka mbili zenye GB 8.5 nazo huharibika kirahisi zaidi wakati wa kuandikwa. Bora DVD mbili za kawaida.

Kwa mikanda ya video utahitaji deki inayofanya kazi. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, ilisimamisha Julai 2016, kwa hiyo kilichobaki ni deki zilizotumika. Kabla ya kutia mkanda, fungua kifuniko chake uangalie utepe. Ukiona unga mweupe ukingoni hilo ni kuvu, usiutie, kwani utaambukiza deki na deki itaambukiza mikanda mingine yote. Kati ya deki na kompyuta huwekwa kifaa kidogo cha USB chenye matundu ya njano, nyekundu na nyeupe. Katika programu chagua PAL, ndiyo iliyotumika kwetu. Ukichagua NTSC picha itaruka au itatoka nyeusi na nyeupe. NTSC ni ya mikanda ya jamaa walioko Marekani. Kunakili huenda kwa mwendo wa mkanda wenyewe: mkanda wa E-180 ni saa tatu kamili, hakuna njia ya mkato. DVD moja kwa ajili ya deki hubeba saa mbili kwa ubora unaotosha picha za VHS, hivyo mkanda mmoja utakula DVD mbili. Ukimaliza lazima programu iifunge DVD, la sivyo itachezwa kwako tu. Hifadhi pia faili lenyewe la video, kwani wajukuu hawatokuwa na deki.

Na ukinakili darsa ya sheikh aliyefariki, waombe idhini watoto wake kabla ya kuisambaza. Wengi hufurahi, lakini haki ya kuulizwa wanayo.

Kuziweka: DVD zisimame wima ndani ya maboksi yake magumu, si kwenye mifuko laini ya nailoni inayogandana wakati wa joto. Kabati lisiegemee ukuta wa mawe na chokaa, khasa wakati wa masika, maana ukuta huo hunyonya maji na kuyatoa taratibu miezi mingi. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya visitupwe, viwekwe humo. Jina liandikwe kwa kalamu ya wino laini ya maji, si kwa kalamu ya ncha ngumu wala kwa karatasi ya kubandika. Nakala ya pili ikae nyumba nyengine, ikiwezekana kisiwa chengine. Kila mwaka, pengine siku za likizo ya skuli, itoe moja moja uiweke kwenye kompyuta unakili faili zote. Ikianza kusitasita, iandike upya siku hiyo hiyo kutoka kwenye ile nakala ya pili.